Dada Asiyekuwemo Kitabuni

Taa za ukumbi zilipowashwa, watu wote waligeuka kunitazama mimi badala ya kutazama majina yaliyokuwa yakipanda kwenye skrini.

"Haya, Teh Wening," Kang Dadang aliita kutoka safu ya mbele, skafu yake ya kijivu imemwenda upande kwa jazba. "Sema tusikie. Nzuri au mbaya?"

Ndiyo desturi yetu. Sisi Wana wa Ukungu, mashabiki wa katuni za Halimun, tukinunua ukumbi mzima, hakuna anayetoa maoni mpaka mwenyekiti aseme kwanza, pale nje kwenye mabango, simu zote zikimrekodi. Mwenyekiti ni mimi, ingawa humu sote huitana Teh na Kang, dada na kaka. Si kwamba nina akili kuwazidi. Marehemu Abah, baba yetu, ndiye aliyekuwa na duka la kuazimisha vitabu vya katuni pale Cicadas, na nusu ya waliokuwemo humo ndani walimjua Halimun wakiwa wamekaa kwenye sakafu yetu. Mdomo wangu unajulikana Bandung nzima. Filamu ya mwaka juzi niliichambua mpaka mwongozaji wake akafunga ukurasa wake mtandaoni.

Siku hiyo mdomo haukufunguka.

"Nakuja," nikasema. "Acheni nipumue kwanza."

"Kupumua kwenyewe kunachukua saa ngapi?" mtu akauliza huko nyuma, wenzake wakacheka.

Dada yangu Imas akanishika mkono tukatoka. Alikuwa anachechemea. "Polepole, Neng," akasema, kama wakubwa wanavyowaita wadogo wao wa kike. "Viatu hivi vitanitoa roho."

"Si nilikwambia uvae raba?"

"Wewe nitazame usoni. Miguu niachie mwenyewe."

Usoni macho yake yalikuwa mekundu. Sketi yake ndefu ilikuwa inafagia sakafu, na kila hatua mbili alikuwa akiguna. Nikadhani analia kwa sababu ya viatu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimelia mara tatu na kutukana mara nne, na mara moja nilifanya yote mawili kwa pamoja. Sijawahi kutoka kwenye filamu nikiwa sijui kama nimepewa zawadi au nimepigwa kofi.

Kama hukukulia kwenye sakafu ya Abah, nikueleze kwa ufupi. Halimun ni kijana wa mashamba ya chai ya Pangalengan anayeweza kugeuka ukungu. Anapita chini ya milango, anazima moto, anawatoa watu kwenye maporomoko ya udongo. Lakini kila akirudi kuwa mtu, anakuta amesahau jambo moja. Kwanza alisahau ladha ya wali. Kisha jina la mama yake. Kitabu cha ishirini na mbili kinaishia amesimama langoni kwa kiwanda cha chai, bwawa linataka kupasuka, na kumbukumbu pekee iliyombakia ni Sekar, mpenzi wake. Mchoraji akafariki. Kitabu cha ishirini na tatu hakikutoka, na kwa miaka thelathini watu wazima wenye wake na watoto wamekuwa wakigombania kitabu ambacho hakipo.

Kwenye filamu, Halimun anageuka. Bwawa linaokolewa, Sekar anasahaulika. Kesho yake asubuhi Sekar anafika langoni na glasi ya bajigur, tui la moto lenye tangawizi na sukari, anamwambia, "Naitwa Sekar. Hatujaonana bado, lakini kunywa kabla haijapoa." Asubuhi inayofuata Halimun ameshasahau tena, naye anakuja tena, na glasi ile ile na maneno yale yale.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuna bisi. Maneno yale niliyaandika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kwenye daftari la hesabu, na aliyechora picha pembeni yake alikuwa Galih, kijana aliyekuwa akishinda dukani kwetu.

Kwamba Galih ndiye mtunzi wa filamu hiyo nilijua. Jina lake lilikuwa kwenye kila bango tangu mwezi wa nne, na ndiyo sababu nilikuwa nimeapa siendi. Imas ndiye aliyenivuta. "Mwenyekiti mzima asiende kumwona Halimun, watu watasemaje?" Lakini kwamba angechukua daftari letu, hilo sikuliota.

Tena angelichukua tu, ningenyamaza. Aliliendeleza. Kwenye daftari, Sekar haachi kuja. Kwenye filamu, asubuhi moja hakuja. Yule kijana amesimama langoni, ukungu umemfika magotini, hajui anangoja nini ila hawezi kuondoka. Kisha anatokea mwanamke mwingine, dada mkubwa wa Sekar, ambaye hayumo katika vitabu vyote ishirini na viwili. Anamwambia, "Unayemngoja yumo ndani, analia. Mlango hatujaufunga." Skrini ikawa nyeusi. Basi, imekwisha.

"Nionyesheni ukurasa!" Kang Dadang alikuwa anapiga kelele tulipofika kwenye mabango, watu wamemzunguka. Kazini kwake benki nasikia hasemi neno. "Kitabu kipi? Ukurasa wa ngapi? Sekar ni mtoto wa pekee! Huyo dada katoka wapi, kashuka na mvua?"

"Mimi nimempenda," msichana mmoja akathubutu.

"Wewe umeanza kusoma juzi, kaa kimya." Akanigeukia. "Teh, tusaidie. Filamu nzima yule mwanamke ana dakika tatu, halafu ndiye anafunga hadithi. Wewe umekubali?"

Imas alikuwa ameshajitupa kwenye benchi na boksi la bisi zilizobaki. "Mimi naona angepewa hata dakika kumi," akasema.

"Samahani, Teh Imas, lakini wewe si shabiki."

"Kweli kabisa," Imas akajibu, akaendelea kutafuna.

Mimi nilijua dada katoka wapi. Alikuwa pale kwenye benchi, anatafuna.

Kwetu, mdogo akiolewa kabla ya mkubwa husemwa amemruka. Si mwiko, ila mkubwa lazima aombwe ruhusa na apewe zawadi, mavazi kamili ya kutoka kichwani mpaka miguuni. Akiyavaa, njia imefunguka. Asipoyavaa, mnangoja.

Miaka mitano iliyopita mimi na Galih tulikuwa tunapendana bila Ambu, mama yetu, kujua, naye alikuwa ameanza kazi Jakarta. Ni yatima aliyelelewa na bibi yake, na bibi naye alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumfundisha mambo haya yanavyokwenda. Alijua kuna zawadi ya dada. Hakujua kwamba zawadi hiyo haitangulii peke yake, kwamba huletwa siku ya posa yenyewe na mtu wa kuisemea. Akataka kunishtukiza. Akanunua kebaya, ile blauzi ya sherehe, kitambaa cha batiki, mtandio, na viatu vya mahameli ya kijani vyenye shanga, akavifunga vizuri akavituma kwa gari la vifurushi. Juu yake akaandika: Kwa Teh Imas, kwa heshima zote. Galih.

Sasa, mavazi ya namna hiyo hiyo ndiyo mwanamume hupeleka anapoposa. Mama yetu, Ambu, aliisoma ile karatasi mara tatu, kisha akakaa chini.

"Nilijua tu," akasema. "Kila siku dukani, kila siku dukani, kumbe macho yake yako jikoni kwa Imas wangu!"

Imas alikuwa na miaka thelathini na moja. Alizijaribu zile nguo mbele ya kioo cha kabati, na viatu vikamkaa kana kwamba alipimwa. Siku tatu aliimba jikoni. Ambu akapika wali wa manjano, akaugawa nyumba kumi na moja.

Mimi nilielewa siku ile ile kifurushi kile kilikuwa cha nini. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilielewa, nikafungua mdomo niseme, nikamsikia dada yangu anaimba, nikaufunga.

Mwisho wa mwezi Galih akaja na mjomba wake kutoka Garut. Imas alikuwa nyuma ya pazia, amepakwa poda. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Mjomba akakohoa, akasema wamekuja kumwomba Wening. Uso wa Ambu ukabadilika. Aligeuka akanitazama mimi, si wao.

"Wening. Unamjua huyu kwa namna hiyo?"

Pazia lilitikisika kidogo tu.

"Simjui kwa namna hiyo, Ambu," nikasema.

Nguo zikarudi kwenye boksi, boksi likasukumwa juu ya kabati, na jina la Galih halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

"Wening."

Nilikuwa bado pale kwenye mabango, na sikuwa na haja ya kugeuka kujua ni Galih. Sauti ile ningeitambua hata kwenye kelele za soko. Nikageuka hata hivyo. Alikuwa amevaa kofia ya kawaida na koti la mvua, na hakuna hata shabiki mmoja aliyemtambua, maana watunzi huwa hatuwajui sura. Kang Dadang hata akamshika bega.

"Kaka, wewe umeonaje? Huyo mtunzi si wa kuchapwa?"

"Wa kuchapwa," Galih akakubali.

"Umeona? Watu wenye akili bado wapo." Kang Dadang akarudi kwenye mabishano yake.

Tukasogea mpaka dirishani, kwenye ujia wa maduka. Chini, mvua ya saa tisa ilikuwa inapiga maegesho, na watu wa pikipiki walikuwa wamejikusanya chini ya daraja la waenda kwa miguu. Nilimtazama kwenye kioo cha dirisha kwa kuwa usoni sikuweza.

"Umekonda," nikasema. Lilikuwa neno la kijinga, lakini ndilo lililokuwa karibu.

"Wewe hujabadilika."

"Usinianze. Umeiba daftari langu."

"Letu."

"Maneno ni yangu. Wewe ulichora tu, tena Sekar ukampa pua yako."

Akacheka, nikajuta kumchekesha. Kicheko chake kilikuwa vile vile, kinaanzia puani. Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa nimejiandalia hasira nzuri, imara, ya kutosha mwaka mzima, na sasa ilikuwa inanyeyuka.

"Jina lako limo," akasema. "Mwishoni kabisa. 'Kwa Wening, aliyekiandika kitabu cha ishirini na tatu.' Wewe ndiye ulinifundisha kukaa mpaka jina la mwisho, halafu leo umetoka wa kwanza."

Basi nikatafuta kosa lingine.

"Na mwisho ule? Sekar hakuja! Umeitangazia nchi nzima kwamba mimi ndiye niliyeacha."

"Hukuacha?"

"Kang Galih!"

"Nauliza. Kesho yake nilisimama nje ya duka lenu tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne. Bati la mlango limeshushwa. Muuza uji wa kuku akanionea huruma akanipa bakuli bure. Nikajiuliza, sasa ninangoja nini? Msichana amesema hanijui, mbele ya mjomba wangu, mbele ya mama yake. Nimeshajibiwa. Na bado miguu haikutaka kuondoka." Alivua kofia, akaivaa tena. "Sikukulaumu, Wening. Niliandika nilichokiona."

"Nilikuwa ndani."

"Sasa najua."

"Nilikuwa nimekaa chini, mgongo wangu kwenye lile bati. Ulipokuwa unakohoa nilikuwa nakusikia."

"Najua. Lakini siku ile sikujua." Akasogea hatua moja, akasita. "Nina swali moja tu, na nimelibeba miaka mitano. Kwa nini ulisema hunijui?"

Nikatazama nyuma. Mashabiki walikuwa wanapigana mieleka ya maneno. Nikashusha sauti mpaka ikawa ya kunong'ona, lakini ikatoka na moto wake.

"Ulitaka niseme nini? Amepakwa poda! Yuko nyuma ya pazia, siku zote zile anaimba, majirani wameshakula wali! Niseme mbele za watu, 'hapana, ni mimi, wewe vua hizo nguo'? Ningekaa naye vipi nyumba moja? Ningemtazama vipi?"

"Ungesema hivyo hivyo," sauti ikajibu nyuma yangu. "Vua. Neno moja tu."

Imas alikuwa amesimama pale na boksi lake la bisi.

"Teh, sikutaka usikie—"

"Nyumba yenyewe ukuta wake mbao, Neng. Nimesikia miaka mitano." Akatazama huku na huku kati yetu. "Hebu niambieni, nani aliwaambia mimi nilimtaka huyu?" Akamnyooshea Galih bisi moja. "Usinielewe vibaya, Galih. Kijana mzuri. Lakini wewe unaukoroga uji wa kuku mpaka unakuwa matope, na mimi na mtu anayekoroga hatuwezi kukaa meza moja."

"Lakini ulikuwa unaimba," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Nilikuwa na miaka thelathini na moja, hakuna mtu aliyewahi kunitumia hata kadi ya Idi. Kikaja kitu kina jina langu juu. Ungependa nilie? Niliimba. Wiki ile haijaisha nikawa nafikiria namna ya kumkataa bila kumwaibisha Ambu. Kisha wewe na sinia lako mkaamua kuniokoa." Hapo sauti yake ikakwaruza. "Hukuniuliza. Ukanifanya ukuta. Kila aliyekuja kwako ukamkataa, na majirani wananitazama mimi, huyo ndiye anamzuia mdogo wake. Unajua nilikuchukia? Miaka mitatu. Nilikuwa nakusikia unalia nyuma ya lile bati, nikawa nasema moyoni, lia tu."

Nikamshika mkono, akauchomoa.

"Halafu," Imas akaendelea, akijipangusa pua kwa mkono wenye chumvi ya bisi, "nikasafisha droo za Abah nikakuta daftari. Nikasoma huyo msichana anavyokwenda langoni kila asubuhi kujitambulisha upya. Nikasema, mtu anayeweza kuandika hivi, nyuma ya bati anafanya nini? Nikamtumia Galih. Pamoja na barua."

"Kurasa nane," Galih akasema. "Sita za kunitukana."

"Zilistahili saba."

"Ya mwisho ndiyo ilisema uko ndani, unalia," Galih akaniambia. "Huyo dada nimemtoa kwenye ukurasa ule. Maneno yake sikubadilisha hata moja."

Nikawatazama wote wawili. Miaka miwili walikuwa wanaandikiana, na mimi niko dukani nauza penseli na kuapa kwamba yamekwisha. Nilikuwa na hasira, nikawa na aibu, na chini ya vyote hivyo kulikuwa na furaha ambayo sikuwa na haki nayo, na sikujua nianze na ipi.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Wewe ulituambia?" Imas akauliza.

Upande wa mabango Kang Dadang alikuwa anahesabu vitabu kwa vidole.

"Wenye filamu walitaka Halimun aingie ndani," Galih akasema polepole. "Wakumbatiane, mvua inyeshe, wimbo uanze. Wiki tatu walinibana. Nikawaambia siwezi kuandika kitu ambacho sikijui. Mlango ule si wangu wa kuufungua."

"Kwa hiyo ukaniachia mimi."

"Nikakuachia wewe."

"Na mimi sijui, Kang!" Machozi yakanitoka bila kuniaga. "Sijui kama nakupenda wewe au nampenda yule mvulana wa kwenye daftari. Sijui kama nimekusamehe au nimechoka tu. Filamu yenyewe sijui kama ni nzuri, na kazi yangu ni kujua! Halafu niseme ndiyo, iwe nini? Ambu hataki hata kusikia jina lako. Na Teh Imas hajaolewa. Tutarudi pale pale. Siwezi kumruka dada yangu. Siwezi tena kumwona nyuma ya pazia."

Imas akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka na watoto. Akaegemea dirisha.

"Mnadhani leo nimechechemea kwa nini?" akauliza.

Akashika sketi yake kwa vidole viwili, akaipandisha mpaka juu ya kifundo cha mguu.

Viatu vya mahameli ya kijani. Shanga mbili zilikuwa zimedondoka, na visigino vyake vilikuwa vimetokeza nyuma kwa upana wa kidole kizima. Vidole vya mbele vilikuwa vimevimba. Alikuwa ametembea navyo kutoka nyumbani mpaka kituoni, akapanda navyo ngazi, akakaa navyo saa mbili na nusu gizani.

"Zamani vilinikaa," akasema. "Siku hizi mguu umenenepa. Asubuhi Ambu aliniona nanyoosha mkono juu ya kabati, mkono haufiki. Akaniletea kiti. Hakusema neno. Alikishika tu nisianguke."

Galih alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamcheza.

"Nimevaa," Imas akasema. "Mmeona? Nimevaa."

Nilipiga magoti pale pale sakafuni, mbele ya duka la simu, watu wakinipita na mifuko yao, nikashika kile kiatu nikivute, maana sikuweza kuendelea kuvitazama vile vidole. Imas akanipiga kofi mkononi.

"Usinivue! Nitavua nyumbani. Leo lazima watu waone."

"Vinakuumiza, Teh."

"Vinaniuma, lakini ni vyangu." Akaniwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akifanya akinisuka nywele niende shule. Kisha akamgeukia Galih kwa sauti nyingine kabisa. "Wewe. Jumapili ya wiki ijayo. Njoo na mjomba wako, na mjomba ndiye aseme. Na kifurushi usitume."

"Sitatuma, Teh," Galih akasema ndani ya kofia.

"Mimi sijasema ndiyo," nikasema nikiwa bado chini.

"Hakuna aliyekuuliza bado. Utaulizwa Jumapili hiyo. Una siku nane za kuchanganyikiwa, zitumie vizuri."

Galih aliondoa kofia usoni akanitazama, nami safari hii sikumtazama kwenye kioo. Macho yake yalikuwa na maji na yalikuwa yananiuliza, na yangu sijui yalijibu nini. Ila sikuyaondoa.

"Teh Wening!" Kang Dadang alikuwa anakuja mbio, simu mkononi, nyuma yake Wana wa Ukungu wote na skafu zao za kijivu. "Teh, jamani, watu wanataka kwenda kusali, wengine wanafuatwa na wake zao. Tunarekodi. Nzuri au mbaya?"

Nikasimama, nikajifuta magoti.

"Sijui, Kang Dadang," nikasema, na simu zote zikanisogelea. "Nimeipenda na nimeichukia. Kesho narudi peke yangu niangalie ni kipi kimezidi, na nitakaa mpaka jina la mwisho."

"Hilo si jibu!" mtu akalalamika.

"Na yule dada?" Kang Dadang hakukubali kushindwa. "Tumeshaanza kuandika barua kwa wenye filamu, wamtoe. Hayumo kitabuni! Tia sahihi hapa."

Imas, nyuma yangu, alikuwa ameanza kuchechemea kuelekea kwenye ngazi, sketi ameishika juu kwa mikono miwili ili kila anayepita aone. Nilichukua ile karatasi kutoka mkononi mwa Kang Dadang, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni.

"Dada abaki," nikasema. "Atakayemgusa dada, ataonana na mimi."